Aldgate, 7 Julai 2005: swichi ya simu za dharura ilikuwepo, ila nani alikuwa kwenye orodha?

Watu wakikumbuka mashambulizi ya London ya 7 Julai 2005 wanaongelea mabomu na treni, mi leo nataka niongelee simu. Mana kila ikija hii ishu ya kuzipa hospitali na ambulensi kipaumbele kwenye simu wakati wa janga, wengi wanaona ni swala la mitambo tu, kwamba kampuni ya simu ikishakuwa na teknolojia basi daktari atapata laini. London walikuwa nayo hiyo teknolojia, iko ndani ya minara yao kabisa, na siku ilipohitajika wakuu wa oparesheni wakasita kuiwasha, na moja ya sababu ni kwamba hawakuwa na uhakika kama watu wao wenyewe wana simu ambazo mtambo utazitambua. Hapo ndo penye kisa chote.

Tuanze na asubuhi yenyewe. Saa mbili na dakika 50 hivi mabomu matatu yalilipuka karibu kwa pamoja kwenye treni za chini ya ardhi, moja karibu na stesheni ya Aldgate, moja Edgware Road, moja katikati ya King's Cross na Russell Square, afu saa tatu na dakika 47 la nne likalipuka kwenye basi namba 30 pale Tavistock Square. Walikufa watu 52 ukiwatoa walipuaji wenyewe wanne, na majeruhi walizidi 700. Hospitali ya Royal London pale Whitechapel, ambayo haiko mbali na Aldgate, peke yake ilipokea majeruhi 194.

Sasa jiji zima likashika simu. Kila mwenye ndugu anayepanda treni anapiga, ndugu hajibu, anapiga tena. Vodafone waliona simu zimeongezeka kwa asilimia 250 na meseji zikawa mara mbili ya kawaida. O2 ambao siku zote walikuwa wanapitisha simu kama milioni 7 kwa siku, siku ile walipitisha milioni 11, na hizo ni zilizopita, zilizogoma hazimo humo. Cable & Wireless, kampuni nyingine ya simu, walihesabu simu 300,000 kila dakika 15 zinazoelekea Vodafone na O2, wakati siku ya kawaida ni 30,000. Mara kumi!

Ili uelewe kwa nini mtandao unajaa wakati simu yako inaonyesha vipau vyote, angalia mnara wa GSM, ule mfumo wa simu za mkononi wa miaka ile, ulivyokuwa unafanya kazi. Kila chaneli moja ya redio inakatwa vipande 8 vya muda, kimoja au zaidi mnara unajitumia kwa mawasiliano yake wenyewe, vilivyobaki ndo vya watu kuongelea. Kwa hiyo mnara wenye chaneli mbili unabeba maongezi kama 14 kwa wakati mmoja, basi, na wewe wa 15 unaambulia mlio wa kukataliwa. Kwa siku ya kawaida inatosha kwa sababu watu hawapigi wote mara moja. Siku ya bomu wanapiga wote mara moja, na kibaya zaidi yule aliyekataliwa hatulii, anabonyeza tena na tena, na kila kubonyeza kunaongeza mzigo kwenye njia ileile ambayo simu zinatumia kuomba nafasi. Simu ya mkuu wa ambulensi na simu ya mtu anayemtafuta mkewe, kwa mnara ule ni kitu kimoja, hakuna alama ya kuzitofautisha.

Isipokuwa alama ilikuwepo. Hili watu wengi hawalijui. Kila laini ya GSM ina namba ya daraja ndani yake. Wateja wa kawaida tumegawanywa madaraja kumi, 0 mpaka 9, kwa kawaida kufuatana na tarakimu ya mwisho ya namba ya utambulisho iliyo ndani ya laini, hakuna upendeleo wowote hapo. Daraja la 10 limetengwa kwa simu za dharura, yaani zile za kupiga namba ya msaada. Kisha kuna madaraja 11 mpaka 15 ambayo ni maalumu, 12 ni vyombo vya usalama, 13 ni huduma kama maji na umeme, 14 ni huduma za dharura, 11 na 15 ni ya kampuni ya simu yenyewe na wafanyakazi wake. Mnara unatangaza muda wote hewani ni madaraja gani yanaruhusiwa na yapi yamezuiwa, na simu yako inasikiliza tangazo hilo kabla haijaomba chochote. Ikisikia daraja lake limezuiwa, haiombi. Inakaa tu mkononi mwako na vipau vyake vyote, kimya.

Uingereza mfumo huo waliuita ACCOLC, kifupi cha Access Overload Control, yaani kudhibiti nani anaingia mtandao ukizidiwa. Polisi wakiiomba kampuni ya simu iuwashe eneo fulani, laini za kawaida eneo hilo zinanyamaza, zenye daraja maalumu zinabaki na mnara wote kwa ajili yao. Ni dawa kali. Haimpi daktari nafasi ya mbele kwenye foleni, inaifuta foleni kabisa, na kama daktari mwenyewe ana laini ya kawaida kama ya kwangu na yako, naye anafutwa.

Asubuhi ile kamati ya uratibu ya wakuu wa vyombo vyote, Waingereza wanaiita Gold, iliketi na swali hilo mezani: tuwashe au tusiwashe? Wakaamua wasiwashe. Sababu mbili walitoa. Ya kwanza, watu wataingiwa hofu simu zikizimika jiji zima. Ya pili, haikuwa hakika kwamba watu wanaotakiwa kuwa na laini za ACCOLC kweli wanazo mfukoni.

Mi sababu ya kwanza naielewa ila sikubaliani nayo sana, kwa sababu simu zilikuwa zinagoma tayari na hofu ilikuwepo tayari. Lakini ya pili ndo inaniuma. Ile inaonyesha uzembe wa miaka yote iliyotangulia. Maana yake tangu mfumo ulipowekwa hakuna aliyekaa na orodha akasema meneja huyu wa ambulensi, huyu, na huyu, laini zao ni hizi, zimejaribiwa. Kamati ile asubuhi ile haikuwa na muda wa kuanza kuuliza nani ana laini gani, na kwa mtazamo wangu waliamua sawa kulingana na walichokijua. Tatizo lilitengenezwa zamani, ofisini, siku za amani.

Afu kikatokea kitu ambacho ndo kinafanya kisa hiki kifundishwe mpaka leo. Kwenye saa sita mchana, polisi wa City of London, ambao wanasimamia eneo dogo la katikati ambapo Aldgate ipo, wakawaomba O2 wawashe ACCOLC kwenye eneo la kilomita moja kuzunguka Aldgate. Kamati kuu ilishasema hapana, wao wakaenda kivyao. O2 wakatii kwa sababu ombi limetoka kwa polisi kwa utaratibu unaotambulika. Ikakaa mpaka saa kumi na dakika 45 jioni, karibu masaa matano, na O2 wenyewe walikadiria baadaye kwamba simu zilizokwama zilikuwa laki nyingi na huenda zilipita milioni.

Angalia na muda wenyewe. Bomu la Aldgate lililipuka kabla ya saa tatu asubuhi. Saa sita mchana kazi ngumu ya kuwatoa majeruhi chini ya ardhi ilikuwa imeshafanyika kwa sehemu kubwa. Yale masaa mawili matatu ya mwanzo ambayo mtu wa ambulensi alikuwa anahitaji laini kuliko kitu chochote duniani yalipita bila kipaumbele chochote, kipaumbele kikaja wakati majeruhi wameshafika hospitali na watu wa kawaida ndo wanahangaika kujua nani mzima. Na ni mtandao mmoja tu. Kama wewe ulikuwa na laini ya Vodafone pale Aldgate, ACCOLC haikukuhusu kwa uzuri wala kwa ubaya.

Sasa ambulensi wenyewe. London Ambulance Service miaka ile walikuwa bado hawajahamia kwenye mtandao mpya wa redio za kidijitali, redio koli zao zilizidiwa, na mameneja wao walikuwa wameegemea sana simu za mkononi. Simu zilipojaa, mnyororo wa amri ukakatika. Kamati ya Bunge la London, ile London Assembly, chini ya Richard Barnes ilipochunguza na kutoa ripoti Juni 2006, hili ni moja ya mambo waliyoyasema wazi, kwamba kuitegemea simu ya mkononi siku ya tukio kubwa ni kosa. Kuna maeneo wahudumu waliomba magari zaidi na vifaa zaidi na maombi hayakufika chumba cha udhibiti. Jaribu kulifikiria hilo kidogo: upo Russell Square, watu wanapandishwa juu kutoka kwenye shimo wamekatika miguu, dripu zinaisha, unaomba, na kule ofisini mtu amekaa hajui kama umeomba. Yeye anaangalia ubao anaona eneo lako liko kimya, na akiona kimya anaweza akadhani mambo yako yanaenda.

Kwa hiyo ukiniuliza nini kingewasaidia ambulensi siku ile, ACCOLC peke yake isingetosha hata ingewashwa saa tatu kamili, mana chini ya ardhi kwenyewe simu haikuwa inashika na redio za ambulensi hazikuwa zinafanya kazi kule. Polisi wa reli, British Transport Police, ndo walikuwa na redio zinazosikika chini. Na hili swala la redio za chini ya ardhi lilishasemwa tangu uchunguzi wa moto wa King's Cross wa 1987. Kipaumbele cha simu kinafanya kazi pale tu ambapo kuna mnara wa kukipokea.

Kuna sehemu nyingine ya kisa naona haiongelewi vya kutosha, nayo ni swali la nani anahesabika kama kituo cha afya. Lile basi la Tavistock Square lililipuka nje kabisa ya jengo la BMA, chama cha madaktari cha Uingereza, na madaktari waliokuwa mle ndani kwa shughuli zao za ofisini walitoka wakaanza kutibu watu barabarani na uani kwenye jengo. Hao ni madaktari halisi wanaofanya kazi halisi ya dharura na hakuna orodha yoyote duniani ingekuwa na simu zao. Halafu Great Ormond Street, hospitali ya watoto, ipo karibu na Russell Square, haikuwa kwenye mpango wa hospitali za kupokea majeruhi wa tukio kubwa, kwa hiyo haikuwa kwenye mlolongo wa kupewa taarifa, na bado ilipokea majeruhi wazima na ikatoa watu wake kwenda kusaidia. Kamati ya Barnes ilipendekeza baadaye kwamba hospitali zilizo jirani na tukio ziarifiwe hata kama siyo zile zilizopangwa. Sawa kabisa. Mimi ningeongeza, na laini zao ziwe kwenye orodha ya kipaumbele tangu mwanzo, mana majeruhi anayetembea haulizi mpango unasemaje, anaingia mlango wa kwanza wenye alama ya hospitali.

Hapa niwalete Wamarekani kidogo kwa sababu wao walichagua njia tofauti na tofauti yenyewe inafundisha. Wana huduma tatu. GETS ni ya simu za mezani, unapewa kadi yenye namba ya siri, unapiga namba maalumu ya eneo la 710, unaingiza namba ya siri, afu unapiga unakotaka na mtandao unaitambua simu yako njia nzima. WPS ni ya simu za mkononi, unaanza na *272 kisha namba unayopiga. Ya tatu TSP haihusu kupiga, inahusu laini za hospitali kuunganishwa au kurudishwa kwanza zikikatika. Kwenye WPS kuna ngazi tano, viongozi wa juu wa nchi ni ya 1, kamandi za jeshi na za kupambana na maafa ni ya 2, afya na usalama wa umma na kamandi za polisi ni ya 3, kisha huduma za jamii ya 4 na ukarabati baada ya janga ya 5.

WPS kama ilivyobuniwa mwanzoni haikuwa inazima simu ya mtu yeyote. Ilikuwa inakuweka mbele kwenye foleni ya nafasi itakayofunguka, anayeongea anaachwa amalize, na sehemu kubwa ya nafasi, kama robo tatu, zinabaki kwa wananchi. Ukilinganisha na ACCOLC unaona falsafa mbili: Mmarekani anakupa tiketi ya kupita mbele, Mwingereza wa 2005 alikuwa anafunga geti kwa wote wasio na tiketi. Mimi naona ya foleni ni bora kwa hospitali na sababu ni ileile ya Tavistock Square, yule daktari ambaye hayupo kwenye orodha bado ana nafasi ya kupata laini. Kwenye geti hana. GETS ilikuwepo 11 Septemba 2001 na zilipigwa zaidi ya simu 10,000 kwa mafanikio ya takriban asilimia 95, WPS yenyewe ikaja baada ya siku ile kwa sababu upande wa simu za mkononi ulikuwa wazi kabisa.

Ila usidhani Wamarekani wamemaliza. Kadi ya GETS inakufa ndani ya hospitali yenyewe kirahisi sana. Hospitali kubwa simu zake zinapita kwenye swichibodi, na swichibodi imepangwa ni namba gani zinaruhusiwa kutoka nje. Namba ya 710 si eneo la kawaida, swichibodi nyingi hazilijui, kwa hiyo daktari ana kadi, ana namba ya siri, anapiga, na mtambo wa hospitali yake mwenyewe unamkatalia kabla simu haijafika hata barabarani. Kinachotakiwa ni fundi wa simu akae dakika chache aifundishe swichibodi namba hiyo na watu waijaribu. Na hata ikipita, kama unakopiga kumejaa, kipaumbele hakikusaidii. Njia inafunguliwa mpaka mlangoni, mlango ukiwa na mtu unasikia bize.

Na milango ya hospitali siku kama ile inajaa vipi? Turudi London. Polisi walifungua ofisi ya kupokea maulizo ya ndugu, ile Casualty Bureau, saa kumi jioni. Saa kumi! Masaa saba tangu bomu la kwanza. Saa ya kwanza tu zilijaribiwa zaidi ya simu 40,000. Sasa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, mama anayemtafuta mwanae alikuwa apige wapi? Anapiga hospitali. Anapiga Royal London, anapiga St Mary's, anapiga University College, na kila simu yake inakalia laini moja ya swichibodi, laini ambayo mtu wa benki ya damu au wa wodi ya upasuaji angeitumia. Simlaumu hata kidogo, ningekuwa mimi ningepiga zote. Ndo mana naona ofisi ya maulizo ya ndugu ikifunguliwa mapema ni sehemu ya kipaumbele cha simu za hospitali kuliko watu wanavyofikiria, inatoa mzigo mlangoni bila kuzima simu ya mtu. Kwenye mijadala ya hii mada utasikia sana habari za laini maalumu na ngazi na namba za siri, hili la ndugu wanaotafuta watu wao linawekwa pembeni kama jambo la huruma tu, wakati ni hesabu ya laini kabisa.

Baada ya ripoti mambo yalibadilika. Ambulensi wa London walirudisha peja kwa mameneja wao, kifaa kidogo cha zamani cha kupokea ujumbe ambacho wengi walishakizika, kwa sababu ujumbe wa peja unarushwa kwa njia yake na hauna habari na foleni ya mnara wa simu. Wakahamia kwenye redio za kidijitali pamoja na vyombo vingine. Na mwaka 2009 ACCOLC ikafungwa ikaja MTPAS, mfumo mpya wa kuzipa laini maalumu kipaumbele, ambapo laini inapewa hadhi kupitia taasisi inayoiombea na polisi wakuu wa oparesheni ndo wanaoruhusiwa kuiamsha, yaani ule mwanya wa mtu mmoja kwenda kivyake ulizibwa kwa utaratibu ulio wazi zaidi.

Kinachobaki ni kile ambacho sheria haiwezi kukifanya kwa niaba ya hospitali. Laini maalumu inakaa kwenye simu, simu inakaa kwa mtu, na mtu anabadilisha zamu, anaenda likizo, anahama kitengo, anabadilisha simu na laini ya zamani inabaki kwenye droo. Kama laini ya kipaumbele imesajiliwa kwa jina la mganga mkuu na usiku wa janga aliyepo ni daktari wa zamu mwenye simu yake binafsi, hospitali hiyo haina kipaumbele usiku huo, hata kama mafaili yanasema inacho. Laini ifuate kiti, ikabidhiwe pamoja na funguo na kitabu cha zamu, na anayeipokea aipige palepale aone imepita.